Uso Nyuma ya Bega

Esperansi Manirambona alishindwa kutulia. Benchi la barazani lilikuwa tupu na kivuli kilikuwepo, lakini kila alipokaa aliinuka tena, akaenda hadi mlangoni, akachungulia uani, akarudi. Mkononi alikuwa ameshika simu. Ujumbe wa Justus ulikuwa mfupi mno kwa mtu ambaye huandika mistari chungu nzima kueleza tu kwamba amekula wali na maharage: "Njoo hospitali sasa hivi kama unaweza. Kabla baba hajafika. Usiogope."

Hilo neno la mwisho ndilo lililomtisha. Nani humwambia mwenzake asiogope pasipo na la kuogopwa?

Alikuwa amewaacha watoto wa darasa la tatu kwa mwalimu wa chumba cha pili, akapanda bodaboda kutoka shuleni Kanyenye akiwa bado na chaki vidoleni. Njia nzima alimwona mama yake amekufa, kisha akamwona mzima, kisha amekufa tena.

Mama yake, Janeti, alipigwa na kiharusi mvua za kwanza zilipokuwa zinaanza, shambani kwao Ulyankulu, jembe likiwa mkononi. Upande wa kulia ukafa ganzi, na maneno yakampotea kabisa. Mwanamke aliyekuwa akiongoza nyimbo kanisani na kugombeza mbuzi wa jirani kwa sauti iliyofika ng'ambo ya mto, sasa hakuwa na hata "ndiyo". Mumewe, mzee Leonadi, alimleta Tabora katika hospitali ya misheni iliyo kando ya barabara ile ya zamani ambayo wazee wa mji bado wanaiita njia ya Ujiji. Tangu hapo mzee alihamia kwa binti yake, katika vyumba viwili vya kupanga, na kila alasiri alikwenda wodini. Alimnyanyua mkewe kitandani kwa mikono yake mwenyewe, akamkalisha kwenye kiti karibu na dirisha, akamlisha uji wa ulezi, akamsimulia habari za shamba kwa Kirundi. Hakuwaruhusu manesi wamguse. Wanawake wa vitanda vya jirani walikuwa wakimtazama wakiguna: "Ningempata mume wa namna ile, hata kuumwa ningekubali."

Na ni katika wodi hiyohiyo Esperansi alipokutana na Justus. Hospitali ilikuwa imeletewa programu ya kompyuta inayotazama uso wa mgonjwa kwa kamera ndogo ya ukutani na kukisia kama ana maumivu. Ilikuwa ya wagonjwa wasioweza kusema. Justus, kijana wa Bukoba aliyesomea mambo hayo Dar es Salaam, ndiye aliyetumwa kuifunga na kuiangalia. Alipokuja kuomba ruhusa, hakuuliza ugonjwa wa mama. Aliuliza kwanza, "Mama anaitwa nani? Na alikuwa anapenda kuitwaje?" Esperansi akamtazama. Tangu siku ile alikuwa akimtazama tu, na naye akitazamwa, mpaka ikafika mahali hawakuwa wanatazamana kwa ajili ya kamera tena.

Jumapili iliyokuwa inakuja, Justus angefika kwa mzee Leonadi na watu wawili wa kumsindikiza, kujitambulisha rasmi. Mpaka hapo mzee alimjua tu kama yule kijana wa kamera, na hakuwa akimpenda sana.

"Espe."

Aligeuka. Justus alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba kidogo cha mwisho. Macho yake, ambayo siku zote humcheka kabla ya mdomo, leo yalikuwa yamezama.

"Mama ana nini?"

"Mama yuko salama, amelala. Ingia, kaa kwanza."

"Sitaki kukaa, Justus. Sema."

Alifunga mlango. Mezani kulikuwa na kompyuta, na kwenye kioo chake mstari mwembamba ulitambaa chini kama njia tambarare, halafu ghafla ukapanda juu, ukashuka, ukatambaa tena.

"Huo ni uso wa mama," alisema Justus. "Programu hii haisomi mawazo ya mtu. Inaangalia vitu vichache tu: nyusi zinavyoshuka na kusogeleana, macho yanavyojibana, pua inavyokunjamana, mdomo wa juu unavyovutika. Vikija kwa pamoja, mstari unapanda. Inaweza kukosea. Ndiyo maana sikukuita mapema. Nilikaa nikatazama picha zenyewe kwa macho yangu, siku baada ya siku. Jana nikamwita dada Stela wa mazoezi ya viungo, naye akatazama."

"Kwa hiyo mama anaumia."

"Anaumia. Lakini siyo kutwa. Unaona hapa? Ametulia. Hapa ametulia. Halafu hapa..." Kidole chake kilisimama kwenye kile kilima kikali. "Kila siku mara moja au mbili. Alasiri."

Esperansi aliutazama mstari, akamtazama Justus, akautazama mstari tena.

"Alasiri kuna nini?" aliuliza, ingawa alijua.

Justus alibonyeza, picha ikafunguka. Ilikuwa wodi, kitanda cha mama, na mgongo mpana wa baba yake ndani ya shati la kahawia. Mzee Leonadi aliinama, akaushika mkono wa kulia wa mkewe, ule mkono uliokufa ganzi, akauvuta juu ya shingo yake, akamkumbatia, akamwinua. Alikuwa akiimba. Wimbo wa zamani wa harusi za kwao. Na juu ya bega lake, upande ambao hakuna mtu anayesimama, uso wa Janeti ulitokea. Nyusi zilikuwa zimekunjana zikawa kitu kimoja. Macho yalikuwa yamefumbwa kwa nguvu. Mdomo ulikuwa wazi, na hakuna sauti iliyotoka.

"Zima."

"Espe..."

"Zima, nimesema!"

Akazima. Esperansi aliegemea ukuta.

"Ni bega," Justus alisema taratibu. "Dada Stela anasema mtu wa kiharusi nyama za bega hulegea, mfupa hauna wa kuushikilia. Ukimvuta mkono, bega linatoka mahali pake kidogokidogo. Baba hakukosea kwa makusudi. Hakuna aliyemfundisha, kwa sababu hakuruhusu manesi wasogee."

"Usimseme baba yangu."

"Simsemi vibaya. Lakini lazima aambiwe leo, kabla hajamnyanyua tena. Dada Stela alitaka kumwambia mwenyewe. Nikamwomba angoje kidogo, nikasema bora uwe wewe."

Esperansi alizunguka chumba, dirishani hadi mlangoni, mlangoni hadi dirishani. Alijaribu kuyapanga maneno kichwani. Baba, unajua... Baba, kuna jambo... Kila sentensi ilifika mahali ilipopaswa kusema unamuumiza mama, ikakatika.

"Nitamwambia," alisema mwishowe. "Mimi mwenyewe. Wewe usitie mdomo wako. Niahidi, Justus. Baba ni mtu mwenye haya. Akiambiwa na mgeni hatasahau maisha yake yote."

"Nakuahidi. Lakini kabla hajamshika."

"Kabla hajamshika."

*

Mzee Leonadi alifika akiwa na furaha. Hiyo ndiyo iliyoharibu kila kitu. Kama angefika amechoka, au amenuna kwa sababu ya jua, labda Esperansi angeweza. Lakini alifika kofia imekaa upande, dumu dogo la asali mkononi, akisalimia kitanda kimoja baada ya kingine.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Leo hukufundisha? Angalia, mizinga ya kule porini imejaa, jirani kaniletea. Hii ya kwanza ya mama yako. Nitamtilia kwenye uji." Akacheka. "Atanitazama kwa lile jicho lake, utaona."

"Baba, subiri kidogo. Nilitaka..."

"Ulitaka nini?"

Uso wa baba yake ulikuwa umefunguka kabisa, kama mtoto aliyeshika zawadi. Esperansi alifungua kinywa. "Nilitaka kusema leo mama apumzike. Tusimnyanyue."

"Apumzike na nini? Amelala kutwa! Mwili ukilala sana unaoza." Aliweka dumu kwenye kabati, akavua kofia, akamsogelea mkewe. Janeti alifungua macho. Mzee akamwambia kwa Kirundi kwamba amefika, kwamba asali imejaa, kwamba avumilie kidogo, na huku akiongea mkono wake ulikuwa umeshakwenda chini kuushika ule mkono wa kulia.

Esperansi alisimama palepale. Alijua ni sasa. Aliona vidole vya baba vikikunja, aliona mabega ya baba yakijikaza kwa kunyanyua, na bado hakusema.

"Mzee, mwache! Unamuumiza!"

Wodi nzima iligeuka. Justus alikuwa amesimama katikati ya vitanda, mkono ameunyosha mbele kama mtu anayezuia gari.

Mzee Leonadi aliachia. Taratibu, akainuka. "Unasema?"

"Samahani, mzee wangu. Bega la mama limetoka. Ukimvuta mkono linamuuma sana. Tumeona kwenye kamera."

"Mimi?" Sauti ya mzee ilikuwa ndogo. "Mimi namuumiza Janeti?"

Wanawake wa vitanda vya jirani waliangalia shuka zao. Dada Stela aliingia kwa haraka akasimama, akaona amechelewa. Mzee akamgeukia binti yake, na hayo macho Esperansi hakuyasahau.

"Ulijua?"

"Baba..."

"Nakuuliza, ulijua?"

"Nimejua leo hii."

Mzee Leonadi aliokota kofia yake. Alimtazama mkewe mara moja, kisha akaitazama mikono yake mwenyewe, akaiingiza mifukoni kama vitu vya aibu. Akatoka. Asali ikabaki juu ya kabati.

*

Uani, chini ya kamba za kuanikia mashuka ya wodi, Esperansi alimgeukia Justus na hasira yote ambayo hakuweza kujitupia mwenyewe.

"Uliniahidi!"

"Niliahidi kabla hajamshika. Alikuwa ameshamshika."

"Ningesema! Sekunde moja tu, ningesema!"

"Usingesema, Espe. Nilikuwa nakuangalia."

"Ndiyo kazi yako hiyo, kuangalia! Unakaa nyuma ya kompyuta yako unapima nyuso za watu, huyu kakunja hapa, huyu kabana pale. Uso wa baba yangu uliuona leo? Uliupima ule?"

"Niliuona."

"Ulimvua nguo mbele ya wodi nzima. Mzee aliyekimbia vita akiwa mtoto na hakuwahi kulia mbele ya mtu. Unajua kwa nini hapendi kamera? Tangu anakua, kila aliyefika kambini na kamera alimpiga picha akaondoka. Wewe ukaja, nikamwambia baba, huyu ni tofauti."

"Mama angeumia tena. Ningemwachaje aumie nikijua?"

Esperansi aliwaka zaidi. "Jumapili usije."

Upepo uliyapeperusha mashuka, yakamficha Justus, yakamwonyesha tena. Alikuwa hajasogea.

"Nisije Jumapili hii," aliuliza, "au nisije kabisa?"

Esperansi alitaka kusema hii tu. Alitaka hata kumshika mkono. Badala yake aligeuka akaondoka, na hatua zake mwenyewe zikasikika masikioni mwake njia yote hadi Kanyenye kama za mtu mwingine anayemfuata.

Nyumbani hakumkuta baba. Begi lake la nguo halikuwepo. Jirani alisema mzee ameonekana akielekea stendi.

*

Siku zilizofuata Esperansi hakuwa na raha popote. Darasani aliandika hesabu ubaoni akasahau jibu. Simu ya baba iliita bila kupokelewa. Alikwenda hospitali, akarudi, akakumbuka kitu, akaenda tena. Bega la mama lilikuwa limekaguliwa, limepigwa picha, limefungwa kitambaa na kuwekewa mto, na dawa ya maumivu ilikuwa imeanza. Dada Stela alimwonyesha kwenye kompyuta: vile vilima vya alasiri vilikuwa vimekwisha.

"Sasa tatizo ni jingine," Stela alisema. "Hali chakula. Uji anaufungia mdomo. Na ikifika alasiri anageuzia uso mlangoni, habanduki hapo mpaka giza linaingia."

Esperansi aliuangalia uso wa mama yake uliotulia, usio na maumivu yoyote ambayo kamera ingeyaona, ukiwa umeelekea mlangoni. Alitamani kuuliza swali moja, akaona aibu, akauliza hivyohivyo. "Na Justus? Simwoni."

"Aliomba ruhusa. Hakusema anaenda wapi."

Basi amekwenda kwao, Esperansi aliwaza. Amekwenda Bukoba kwa mama yake, na mama yake atafurahi. Yule mama, Advera, alikuwa ameshasema kwenye simu, na Justus hakumficha: mwanangu, wasichana wote wa nchi hii umewakosa, mpaka ukachukue mtoto wa wakimbizi? Justus alicheka wakati anamsimulia, na Esperansi alicheka pia, lakini lilimchoma. Sasa lilimchoma upya. Alijiambia ni heri. Alijiambia hivyo mara nyingi mpaka akajichoka.

Jumamosi asubuhi alipanda basi la Ulyankulu. Vumbi jekundu liliingia kwa kila upenyo, misitu ya miombo ikapita pande zote mbili, na yeye alikaa kwenye ukingo wa kiti kama mtu anayetaka kulisukuma basi. Alikuwa amepanga kumpigia baba yake magoti. Zaidi ya hapo hakuwa amepanga kitu.

Nyumba ilikuwa wazi, hapakuwa na mtu. Alizunguka nyuma, upande wa bani la kukaushia tumbaku, akasikia majani makavu yakichakarika. Chini ya kibanda cha nyasi walikaa watu wawili katikati ya marundo ya tumbaku, kila mmoja amempa mwenzake ubavu, wanachambua majani na kuyapanga kwa madaraja, kimya. Mmoja alikuwa baba yake.

Wa pili aliinua uso. Macho yalikuwa mekundu kwa ukali wa tumbaku, vidole vimekuwa vyeusi kwa utomvu, na shati lililokuwa jeupe halikuwa na rangi tena.

Alikuwa Justus.

"Shikamoo baba," alisema.

"Marahaba." Mzee hakuacha kuchambua. "Huyu alikuja katikati ya wiki. Nikamwambia sina maneno naye. Akasema atasubiri. Nikamwambia kwangu hapa mtu hasubiri mikono mitupu. Analala kwa katekista, asubuhi yupo hapa. Hajasema kitu. Mimi nilisikia Wahaya wanaongea sana."

Justus aliinamia majani yake. Esperansi alimwona akizuia kutabasamu. Akapiga magoti mbele ya baba yake.

"Baba, nisamehe. Nilipaswa kukwambia pale mlangoni. Niliogopa."

"Uliogopa nini? Nimewahi kukupiga mimi?"

"Niliogopa uso wako. Ulikuwa umefurahi. Sikutaka kuwa mimi wa kuuzima."

Mikono ya mzee ikasimama. Alilitazama jani lililokuwa mapajani mwake.

"Nilikuwa namwimbia," alisema hatimaye. "Kila siku. Namnyanyua na namwimbia, na yeye anaumia. Kinywa chake kimefungwa, hawezi hata kuniambia Leonadi niache. Mimi nilimchukua huyu mwanamke akiwa msichana, sikuwahi kumwinulia mkono. Ona sasa. Sitamgusa tena. Wenye kujua wamguse."

"Mzee," Justus alisema. Ilikuwa mara yake ya kwanza kufungua kinywa tangu Esperansi afike. "Naomba nikuonyeshe kitu. Siyo kwenye kompyuta."

"Kitu gani?"

"Simama, mzee wangu. Mimi nikae hapa chini. Ninyanyue kama ulivyokuwa unamnyanyua mama."

Mzee Leonadi alimtazama kana kwamba amepungukiwa akili. Akamtazama binti yake. Kisha, labda kwa sababu kijana alikuwa amechambua tumbaku siku zote zile bila kulalamika, akasimama, akajipangusa mikono, akainama. Akauchukua mkono wa Justus akauweka shingoni kwake, akamkumbatia, akamwinua.

"Simama hivyohivyo," Justus alisema, sauti imebanwa kifuani mwa mzee. "Sasa niambie. Uso wangu unauona?"

Mzee aligeuza shingo kuutafuta.

"Uko wapi uso wangu, mzee?"

"Uko nyuma ya shingo yangu."

"Unauona?"

"Siuoni."

"Ndivyo ilivyokuwa. Mtu ukimkumbatia huwezi kuuona uso wake. Hakuna ambaye angeuona, awe mke, awe daktari. Kamera iliuona kwa sababu iko ukutani nyuma yako, na haimkumbatii mtu. Wewe hukuuona kwa sababu ulikuwa karibu mno."

Mzee hakumwachia. Mabega yake mapana yalianza kutikisika ndani ya lile shati la kahawia, na Justus naye akabaki palepale, mikono yake myeusi imezunguka mgongo wa mzee, macho ameyafumba. Esperansi aligeuza uso kuelekea bani. Hakutaka baba yake aonwe.

Walipoachana, mzee alipenga kamasi, akajikohoza.

"Na kuna jingine," Justus aliongeza taratibu. "Ukishamkalisha, ukaanza kumpa habari za shamba, ule mstari unashuka chini kuliko saa yoyote ya siku. Programu haijui furaha, mzee, imefundishwa maumivu tu. Lakini hayo maumivu, ukiwa unaongea, yanapungua. Sasa hivi hali chakula. Anatazama mlango."

"Hali?" Mzee alishtuka. "Tangu lini?"

"Tangu ulipoondoka, baba," Esperansi alisema.

Mzee Leonadi alikuwa ameshaanza kutafuta kofia yake. Ghafla akasimama, akamgeukia Justus.

"Wewe. Mtu haachi kazi yake mjini kuja kuvuta tumbaku puani kwa ajili ya mgonjwa wa watu. Una nini na binti yangu?"

Justus alisimama wima.

"Nampenda, mzee. Nilikuwa nije kesho, na watu wangu, kwa heshima zote."

"Na ulijua mimi ni baba yake, bado ukanipigia kelele mbele za watu?"

"Nilijua."

"Ulitegemea nini?"

"Nilitegemea nimempoteza."

Aliyasema bila kumtazama Esperansi, na hapo ndipo Esperansi alipoona jinsi yalivyokuwa mazito. Justus alikuwa amempima kwenye mizani, yeye na kilio kisicho na sauti cha mama yake, na alikubali kumkosa. Hakuna mtu aliyewahi kumpa zawadi ngumu namna ile.

"Haya," mzee alisema. "Hilo tutalizungumza. Kanaweni mikono, basi halingoji mtu."

*

Janeti alimwona mumewe akiwa bado mlangoni. Jicho lake la kushoto likatanuka, mkono wake mzima ukaanza kupapasa shuka. Lakini mzee alipofika kitandani alisimama mbali kidogo, mikono nyuma, kama mtu aliyefika nyumba ya watu.

Dada Stela alimfundisha. Asishike mkono kamwe. Kiganja kimoja kipite nyuma ya bega, chini ya ule mfupa bapa, kingine kiunoni, na mgonjwa aegemee upande wake mzima. Mzee alisikiliza, akarudia kila kitu kwa mdomo kama mtoto wa katekisimu, kisha akaogopa.

"Nitamuumiza tena. Uso bado sitauona."

Justus aligeuka kuelekea kompyuta. Esperansi alimgusa mkono, akamzuia. Akazunguka kitanda, akasimama ukutani, chini kabisa ya kamera, mahali ambapo mgongo wa baba ungekuwa mbele yake.

"Mimi nitauona," alisema. "Mnyanyue, baba. Nitakwambia."

Mzee aliinama. Viganja vyake vikaingia mahali alipofundishwa. Uso wa mama ukapanda juu ya bega, karibu kiasi kwamba Esperansi angeweza kuugusa, na macho ya mama yakakutana na yake.

"Endelea," Esperansi alisema. "Polepole. Ametulia. Endelea... Simama, baba! Anaumia. Nyusi zimekunjana. Shusha kidogo. Kidogo tena. Sasa? Sasa zimeachia. Endelea, baba, endelea, ametulia. Ametulia kabisa."

Sauti yake haikukwama hata mara moja. Machozi yalimtiririka na hakuyafuta, maana kufuta kungemfanya aache kutazama.

Janeti alikaa kwenye kiti. Mzee akachuchumaa mbele yake, akachukua uji, akaonja moto wake, akaanza kumweleza kwa Kirundi habari za tumbaku, za mbuzi wa jirani, na kisha, akionyesha kwa kijiko, za kijana mmoja aliyekuja kupoteza tumbaku yake ya daraja la kwanza kwa kuichanganya na ya tatu. Janeti alifungua mdomo akapokea kijiko. Alimtazama Justus, akamtazama kwa utulivu wa mama mwenye mtoto wa kike, mpaka kijana wa watu akaanza kuhamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine. Kisha Janeti akanyoosha mkono wa kushoto, akamshika Justus kidole, akakishikilia. Hakukiachia mpaka bakuli lilipoisha.

"Wale watu wako," mzee Leonadi alisema bila kugeuka, akikwangua bakuli, "waambie waje baada ya misa. Na waje hapahapa hospitali. Mwenye nyumba yuko hapa."

Nje, barazani, Esperansi na Justus walisimama wakitazamana kama watu waliokutana upya baada ya safari ndefu. Justus alinuka tumbaku na vumbi. Esperansi alimshika mkono, wazi, mbele ya wagonjwa na manesi na jua lote la Tabora.

"Nilikuwa nataka kusema Jumapili hii tu," alimwambia. "Siku ile uani. Maneno yalinikataa."

"Sasa hayakatai?"

"Sasa nayasema. Uje Jumapili hii, na nyingine, na nyingine."

Justus alicheka, lakini kicheko kikaishia njiani. "Bado mama yangu, Espe. Mama atakataa. Atalia, atawaita mashangazi wote wa Bukoba."

Zamani Esperansi angesema tusubiri, tusimwambie kwanza, labda mwakani.

"Mpigie sasa hivi, nikiwepo," alisema. "Na ukimaliza kumsalimu, nipe mimi hiyo simu."